Kabla Kahawa Haijaiva

Katika mtaa wetu wa Sidab, hapa Maskati, hapana nyumba inayompokea mgeni kwa vitu vyake vyenyewe tu. Mgeni wa heshima akiarifiwa, vitu hutembea. Birika la fedha la Umm Yaqoob hutoka kwake likaja kwetu, chetezo chetu kikubwa huenda kwa jirani wa juu, zulia la majlisi, chumba cha wageni, hukunjwa likavushwa njia mabegani, na kesho yake kila kitu hurudi kwa mwenyewe kimeshapanguswa. Hapana anayeona kuwa huo ni uwongo. Mgeni mwenyewe anajua, maana na kwake hufanywa vivyo hivyo.

Kwa hiyo khaloo Balqis aliponambia, "Kesho tutamuazima na Nyamizi, awatilie wageni kahawa," mimi sikushtuka. Nyamizi ni mtumishi wa Umm Yaqoob, mtu wa Tabora, mrefu, mwepesi wa kucheka. Watumishi nao huazimwa. Nilijibu tu, "Sawa, mama."

Khaloo ni dada wa mama yangu, lakini tangu mama afariki nilikuwa nikimwita mama.

Na mgeni mwenyewe hakuwa mchumba wala jamaa. Alikuwa bahitha, mwanamke anayetumwa na serikali kuja kutazama hali ya nyumba. Alikuwa anakuja kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeomba serikali inilipie hadhana, pale wanapolelewa watoto wadogo mchana, ili mwanangu Hadeel akae huko na mimi niende kazini. Bila ya hadhana hapana kazi, na bila ya kazi, basi mimi ni yuleyule wa jikoni kwa khaloo mpaka nizeeke.

Niseme nilivyofika hapo. Mimi nilikuja Maskati kutoka Unguja nimeshamaliza la saba. Marehemu baba alikuwa na makaratasi ya Oman, ndiyo yaliyonileta. Khaloo alinipokea uwanja wa ndege kwa kilio, akanivua shungi, akanishika nywele akasema ni za mama yangu. Akasema, "Mwakani tutakutia skuli. Kwanza ukijue Kiarabu." Mwaka ule bibi, mama yake khaloo, akaanguka, akawa anataka mtu wa kumgeuza kitandani. Nikawa mimi. Bibi alipofariki nilikuwa nimeshakuwa mkubwa mno kukaa na watoto wa darasa langu. Nikaolewa na Marhoon, nikaachwa Hadeel hajaota meno. Marhoon sasa yuko Salala na mke mwengine. Nikarudi kwa khaloo, na binti yake, Rawan, naye alikuwa na watoto wake wawili, Khattab na Alaa, na kazi yake benki ya Ruwi. Kila asubuhi hupiga honi getini, mimi hutoka nikawapokea watoto, akaenda zake. Ikawa ndiyo hivyo.

Sikulalamika. Nawapenda wale watoto. Alaa halali mpaka ashike ncha ya sikio langu.

Kazi niliipata arusini. Nilikaa karibu na mama mmoja anaitwa Wadha, msimamizi wa wanawake kwenye kiwanda cha biskuti kule Rusayl. Tulipopewa sahani nilimwambia, "Bibi, usile ile katlesi ya pembeni, imeangushwa ikarudishwa." Akanitazama.

"Umeiona wewe?"

"Nimeiona."

"Na watu wote hawa?"

"Watu walikuwa wanamtazama biarusi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mimi watu kama wewe ndio nawatafuta. Pale mwisho wa mashine nataka mtu wa kuziona biskuti zilizovunjika kabla hazijafungwa. Wengine wanasinzia." Nikamwambia sina cheti zaidi ya cha la saba. Akasema hakuna mtu anayeitaka shahada kuona biskuti imevunjika. "Lakini mtoto usiniletee kiwandani. Mtafutie pa kukaa. Nafasi nakushikia mpaka mwezi uishe."

Nilimwambia Rawan kwanza, kabla ya khaloo, maana mimi na Rawan tulilala chumba kimoja tangu nije mpaka akaolewa. Nilidhani atanuna. Badala yake alikaa kitako kwenye zulia na nguo zake za kazini, akavua viatu, akasema, "Nasriya, serikali inasaidia, wewe hujui tu. Mwanamke aliyeachwa, hana wa kumuachia mtoto, anaweza kulipiwa hadhana. Lete kitambulisho chako."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Au unataka nibembelezwe?"

Akayajaza yote kwenye simu yake, mimi nikimtazama vidole. Kiarabu cha kusema nakijua, cha kusoma kinanichelewa. Alipomaliza akanibusu kichwani. "Nenda kazini, mwenzangu. Nawe upate chako." Nilikwenda jikoni nikafungulia maji ya bomba ili wasinisikie nikilia.

Niliuliza, "Na Khattab na Alaa?"

"Hao niachie mimi. Ntapanga."

Khaloo alipoambiwa hakusema kitu. Aliendelea kumenya vitunguu. Nikaona ni radhi yake.

Tena akawa mwema zaidi. Wiki ile kabla ya bahitha, kila baada ya alasiri alikuwa akimchukua Hadeel kwa mkono na kumpeleka kwa Umm Yaqoob. "Akacheze huko, nawe upumzishe mgongo." Hadeel alikuwa akirudi na biskuti ya chokoleti imeganda mashavuni na nguo yake ikinuka moshi wa jiko la kule. Mtoto wangu si wa kumfuata mtu. Hata daktari humpima akiwa kifuani mwangu. Lakini siku za mwisho alikuwa akivuta mwenyewe mkono wa khaloo kwenda mlangoni. Niliona hayo yote. Nikafurahi. Nilisema, inshaallah atazoea na hadhana pia.

Siku yenyewe nyumba ilifukizwa udi mpaka macho yanawasha. Majlisi ikapambwa, sinia likajazwa halua na tende na matunda, na visheti alivyokaanga khaloo kwa mkono wake. Nyamizi alikuja na birika la Umm Yaqoob na kitenge kipya ambacho sijapata kumuona nacho.

Bahitha aliitwa Shurooq. Msichana tu, labda ananizidi miaka michache, abaya nyeusi isiyo na nakshi, kompyuta ndogo ya mkononi ameikumbatia kama msahafu. Alikaa ukingoni mwa mto wa kukalia, hakuegemea. Khaloo akamkaribisha kwa Kiarabu chake kizuri, kile cha kupokelea wageni, akamuuliza hali yake, na wazee wake, na ukoo wake, hata msichana wa watu akalainika akaegemea.

Akaniuliza maneno machache. Mume yuko wapi. Analeta matumizi ya mtoto? Kazi ninayotaka ni ipi. Nilijibu yote. Nilikuwa nimeanza kumwambia kuhusu Rusayl na basi la kiwanda, mara Hadeel akatokea mlangoni.

Alimuona mgeni, midomo ikamcheza. Mimi nikanyoosha mikono, maana najua kinachofuata: hulia, hunikimbilia, hujificha shingoni. Akakimbia kweli. Akapita magotini mwangu kama mimi ni nguzo, akaenda moja kwa moja kwa Nyamizi. Nyamizi akambeba, akamweka kiunoni, na kwa mkono mwengine akaendelea kutia kahawa, hata tone halikumwagika.

"Mashaallah," khaloo akasema, "hawa wawili hawaachani."

Shurooq akatabasamu. "Ni mtumishi wenu?"

"Wetu, alhamdulillahi. Mtoto ana watu wake, ukhti. Hatujamtupa."

Mimi nilifungua mdomo. Lazima niseme hili: nilifungua mdomo na nikaufunga mwenyewe. Kumkanusha mtu mzima mbele ya mgeni, nyumbani mwake, halua yake ikiwa mkononi mwa mgeni, hilo mimi sikufunzwa. Tena nilidhani ni yale yale ya birika. Nani amwambiaye mgeni, kikombe unachonywea si chetu? Nilisema moyoni, huyu ni msichana wa hapa hapa, anajua mambo ya wageni. Atalitoa hilo mwenyewe.

Nikamsindikiza mpaka getini. Pale, peke yetu, ghafla akanambia kwa Kiswahili, Kiswahili cha polepole kama mtu anayevuka vijiwe, "Bibi yangu alikuwa anapika visheti kama hivi. Alizaliwa Pemba." Akasita. "Una la kuongeza, dada?"

"Hapana," nikasema. "Ahsante."

Alinipigia mwenyewe baada ya siku kadhaa. Nilikuwa nawakosha watoto, simu nikaishika kwa vidole viwili vyenye povu. Akasema kwa upole, kwa Kiarabu sasa, kuwa ombi langu halikupita. Nyumba ina mtumishi, na mtoto ameonekana anaye mlezi wa kila siku aliyemzoea. Hadhana inalipiwa wasio na mtu. Akasema kama hali ikibadilika nisione haya kurudi.

Sikukasirika na mtu. Niliicheka heshima yetu. Nilikaa kwenye kigoda cha choo nikacheka, Alaa akacheka na yeye kwa kuniona mimi. Nilisema, angalia, birika la kuazima limeninyima kazi. Khaloo nilipomwambia akasema, "Loo! Masikini mwanangu. Hawana akili hawa watu. Basi ndiyo riziki yako haikuwa huko." Akanipakulia nyama ya kwanza mchana ule.

Jioni nilikwenda kutupa taka. Mapipa yako chini ya njia, mahali wanapokutana watumishi wote wa mtaa, na huko ndiko habari zinakopatikana kabla hazijafika majumbani. Nyamizi alikuwa ameshatupa zake, anajipepea kwa ncha ya kitenge kile kipya.

"Enhe, dada! Kazi vipi? Unaanza lini?"

"Sianzi. Wamenikatalia."

"Maskini. Kwa hiyo mama amefurahi."

"Mama gani?"

"Si mama yako pale juu." Akanitazama, akaona uso wangu, akaacha kujipepea. "Dada, si mlipanga wote?"

"Tulipanga nini, Nyamizi?"

"Mimi simo. Mimi huku kwenu naazimwa kama sufuria, tofauti yetu sufuria haiulizwi maneno." Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Alikuja kwa madam wangu mapema kabisa, wakakubaliana. Akaniambia, Nyamizi, mtoto nitakuletea kila siku, mpe biskuti, mbebe, akuzoee. Nikamwambia, mama, mtoto wa watu nimzoeze ya nini? Akasema, nataka siku mgeni akija akukimbilie wewe kabla ya mama yake. Na ukishambeba usimweke chini mpaka mgeni aondoke. Kitenge hiki ndicho alichonipa." Akakishika kama kinamuunguza. "Nilidhani unajua, wallahi. Nilijua ni mambo yenu ya heshima. Hata nikasema moyoni, huyu dada roho ngumu, mtoto wake anampita yeye ametulia tu."

Nilimwambia hana kosa. Nikabeba ndoo yangu. Ile njia ya kupanda kwetu ni kali, nilipanda bila ya kuhema. Nilikuwa namuona Hadeel akipita magotini mwangu. Nilikuwa nalirudia hilo tu. Mwenye kutunga jambo kama lile ametunga kwa kumjua mtoto: anapenda nini, anaogopa nini, anakimbia vipi akiogopa. Amemtazama kama ninavyomtazama mimi. Amemfundisha mwanangu kunikataa, kidogo kidogo, kwa chokoleti, na mimi nikimpangusa mashavu kila jioni nikisema ahsante.

Khaloo alikuwa ukumbini anachagua mchele kwenye ungo. Watoto walikuwa wameshachukuliwa na Rawan. Nilikaa mbele yake.

"Mama, Nyamizi kanambia."

"Nyamizi ana mdomo mpana kuliko pipa alilokusimamishia."

"Ni kweli au si kweli?"

Akaokota chuya, akaitupa. "Ulitaka mgeni wa serikali aikute nyumba ya baba yangu haina hata wa kumtilia kahawa? Waandike huko, watoto wa fulani wanaomba?"

"Birika sikuulizi. Nakuuliza mtoto."

"Mtoto kafanywa nini? Kapewa biskuti. Hebu nitazame. Hadeel analala na njaa humu? Anapigwa? Unataka kumtupa kwa watu usiowajua, wewe ukasimame kwenye mashine Rusayl kutwa kucha, ili iweje? Ulikosa nini hapa?"

"Skuli," nikasema. Sikujua kama litatoka hilo. Lilitoka.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo kisha ukaendelea. "Hayo ya zamani."

"Basi ya sasa. Khattab na Alaa."

"Khattab na Alaa wangekaa na nani? Sema wewe. Na mimi, kwa magoti haya?"

"Rawan ana mshahara. Aweke mtu."

"Mtu!" Akausukuma ungo. "Wajukuu zangu walelewe na mtu nisiyejua katoka wapi?"

Hakujisikia. Alilisema lile neno kwa uchungu wa kweli, mishipa imemtoka, na hakujisikia. Nikamjibu taratibu, "Wangu kakimbilia kwa Nyamizi mbele ya serikali, ukasema mashaallah."

Akalisugua goti lake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, ile sauti ya kila siku, anayoniulizia kanga zake ziko wapi. "Kama una ugomvi, gomba na wote. Usinifanye mimi peke yangu shetani. Mimi nlijuaje hao watu wanatazama nini wakija? Rawan ndiye aliyekuja kunambia. Kuwa wakiona mtumishi hawalipi."

"Rawan ndiye aliyenijazia maombi."

"Alitaka kukufurahisha. Anakupenda. Halafu akafikiri."

Niliuchukua ule ungo nikaumaliza mchele mwenyewe. Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kazi. Khaloo akaona yamekwisha, akaenda kutia udhu.

Asubuhi honi ikapigwa. Nilitoka nikamteremsha Khattab, nikamtoa Alaa kwenye kiti chake, akalishika sikio langu. Rawan alikuwa anajipaka rangi ya mdomo kwa kioo cha gari. Nikainama dirishani.

"Rawan, wewe ndiye uliyemwambia mama wanatazama nini?"

Kidole kikasimama mdomoni. Hakunigeukia. Alinitazama kupitia kioo kile kile, macho tu, mdomo nusu mwekundu nusu mkavu.

"Nasriya, nshachelewa kazini."

"Nambie ndiyo au siyo."

"Tutazungumza jioni, habibti. Khattab hajanywa maziwa." Akatia gia. Gari ikaondoka na mkanda wa abaya yake umebanwa mlangoni, unapepea. Siku nyengine yoyote ningelimkimbilia kumwambia.

Niliwanywesha watoto maziwa. Nikawavisha. Nikamvisha na Hadeel, nikavaa abaya, nikachukua kitambulisho. Khaloo alikuwa bado na kanga ya kulalia, kikombe cha chai mkononi.

"Wapi?"

"Ruwi."

"Ruwi kufanya nini? Na watoto?"

"Wana watu wao," nikasema, nikafunga geti nyuma yangu.

Ofisini kwa bahitha nilisubiri mpaka nikaitwa. Shurooq alinikumbuka. Akamtazama Hadeel, akatazama nyuma yangu kama anamtafuta aliyembeba siku ile.

Kiarabu kilinikimbia. Nikasema kwa Kiswahili. "Dada, siku ile uliniuliza kama nina la kuongeza. Ninalo. Yule si mtumishi wetu. Tulimuazima pamoja na birika. Na mtoto alizoezwa."

"Alizoezwa?"

Nikamuelezea. Alisikiliza mikono imetulia mezani. Nilipomaliza akavuta pumzi, akasema kuwa ananisikia, lakini yeye ameandika alichokiona kwa macho na alichoambiwa na mwenye nyumba, na sasa mimi nasema vyengine. Hawezi kufuta kwa maneno yangu tu. Anaweza kupanga siku ya kuja tena. Atawaarifu nyumbani.

"Usiwaarifu," nikasema. "Ukiwaarifu utamkuta Nyamizi, na birika, na visheti. Twende sasa. Twende kabla kahawa haijaiva."

Akanitazama sana. Kumwendea mtu nyumbani asubuhi bila ya habari, na yeye mwanamke mtu mzima, kwao pia si jambo la adabu. Niliona anavyolipima. Nilijua na mimi ninachokifanya. Mgeni wa ghafla ni kama kumvua mtu nguo, na mimi ndiye niliyekuwa namshika mgeni mkono. Kisha akasema kuwa leo ana nyumba ya kutazama Maskati ya zamani, njia ni moja. Akachukua funguo.

Tukapanda gari lake. Hadeel alilala.

Geti halikuwa na komeo, kama nilivyoliacha. Kelele tulizisikia kabla hatujaingia. Ukumbini unga ulikuwa umemwagika sakafuni, Khattab anautembeza kwa gari lake, Alaa yuko chini analia kwa sauti iliyokwisha kukauka, ya mtoto aliyelia muda mrefu. Khaloo alikuwa amekaa kwenye ngazi na kanga ile ile ya kulalia, kichwa wazi, anajishika goti. Nywele zake nyeupe zilikuwa hazijachanwa. Sikuwahi kujua kuwa zimekuwa chache hivyo.

"Nasriya! Ulikuwa wapi wewe, mtoto huyu mwizi wa roho, hataki kube..."

Akamuona Shurooq.

Mkono ulikwenda kichwani, haukukuta kitu. Akavuta upande wa kanga, haukutosha. Shurooq akageuka haraka akatazama ukuta mpaka mtu ajisitiri. Na khaloo, bado amejishika kichwa, akasema kwa Kiarabu, "Karibu, tafadhali, karibu, nyumba imepata nuru." Mkono mmoja ukawa unapapasa mezani kama utakuta kikombe pale. Kisha akanigeukia mimi, akanisemesha kwa Kiswahili, upesi upesi, kwa sauti ya chini, akidhani wageni wa ofisini hawakijui:

"Kimbia kwa Umm Yaqoob. Kamuazime Nyamizi. Na birika, mwambie na birika, upesi!"

Sikuondoka.

"Msimsumbue Nyamizi, bibi," Shurooq akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, bado ametazama ukuta. "Leo sinywi kahawa."

Nilimuona khaloo anavyolielewa. Kwanza macho, kisha mabega. Hakumtazama Shurooq hata kidogo. Alinitazama mimi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeibiwa, aliyemlea mwizi kwa mkono wake. Mimi nilikuwa na uso huo huo tangu jana. Tulitazamana hivyo.

"Umeniletea mgeni sijavaa," akasema.

"Nimemleta."

"Mimi ni mama yako, Nasriya."

Alaa alikuwa ametambaa mpaka kwenye upindo wa abaya yangu, ananyoosha mkono kutafuta sikio. Nikainama nikamuinua na yeye, mmoja huku, mmoja huku.

"Kaa vizuri, khaloo," nikamwambia. "Goti litauma."

Alisikia. Tangu azikwe mama sikuwa nimemwita hivyo usoni pake. Alikaa.

Shurooq alifunga kile kikompyuta chake bila ya kuandika, akanambia kwa sauti ndogo kuwa alichokiona leo amekiona, atakiandika ofisini, na nimwambie Wadha aishike nafasi. Akatoka kwa miguu myepesi, akikwepa unga.

Alaa alishalipata sikio. Hadeel akaamka begani mwangu, akautazama ukumbi, akatutazama wote mmoja mmoja, kisha akanyoosha kidole mlango wa jikoni.

"Mizi," akasema. "Mizi?"